Kila mita ya bomba ina gramu zake: Hesabu ya gesi inayokula faida ya viyoyozi mpakani

Mfanyabiashara anayetoa viyoyozi Kariakoo na kuvipeleka Kigali au Kampala hupiga hesabu ya mambo mengi kabla lori halijaondoka: bei ya jumla, ushuru, wakala wa forodha, nauli ya lori, siku za kusubiri Rusumo au Mutukula. Kitu kimoja huachiwa fundi, nacho ni gesi. Fundi hufika na silinda, huunganisha geji, hufungua vali, husikiliza kidogo, kisha hutaja kiasi alichoongeza. Mteja hulipa. Mara nyingi hakuna mizani iliyoletwa, na kiasi kilichotajwa hakiandikwi popote.

Matokeo huja baadaye. Duka la nguo kwenye ghorofa ya chini linalipia umeme mwingi kuliko la jirani. Kompresa inajizima saa nane mchana, wakati joto limekolea na wateja ndio wanaingia. Mwenye duka humpigia simu aliyemuuzia mashine, naye yuko upande wa pili wa mpaka. Waranti ya duka la jumla mara nyingi haivuki mpaka, na hata pale inapovuka, swali la kwanza ni lile lile: gesi iliongezwa kiasi gani, na nani? Asiye na karatasi yenye gramu hana jibu.

Tatizo huwa kubwa zaidi mijini, ambako wateja wengi wa bidhaa hii wako kwenye majengo ya ghorofa yenye maduka yaliyobanana. Mashine ya ndani iko dukani, ya nje iko juu ya paa au ukutani nyuma ya jengo, na bomba la shaba linalopita katikati lina urefu wa mita 15, 18, au zaidi. Kiwanda hakikuliwazia jengo hilo.

Gesi ya kiwandani inafika wapi

Kiyoyozi cha vipande viwili huuzwa kikiwa na gesi tayari ndani ya mashine ya nje. Kibao kilichobandikwa ubavuni mwake hutaja mambo mawili ambayo kila muuzaji anapaswa kuyasoma kabla ya kulipa: aina ya gesi, kama R32, R410A au R22 kwa mashine za zamani, na uzito wake kwa gramu au kilo. Uzito huo unatosha mashine zote mbili pamoja na bomba la urefu fulani tu. Kwa mashine nyingi zinazotoka Asia urefu huo ni mita 5. Zipo za mita 7.5, na zipo zinazovumilia hadi mita 10 bila kuongezwa kitu. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huhesabu futi 15, yaani mita 4 na nusu hivi.

Kila mita inayozidi hapo inataka gesi yake. Kitabu cha mashine hutaja gramu ngapi kwa mita, na kiasi hutegemea unene wa bomba jembamba kati ya yale mawili, yaani lile linalopitisha gesi ikiwa kimiminika. Kwa bomba la robo inchi, ambalo kwenye vitabu huandikwa milimita 6.35, vitabu vingi hutaja kati ya gramu 12 na 20 kwa mita. Kwa bomba la inchi tatu kwa nane, yaani milimita 9.52, kiasi huanzia gramu 24 na kinaweza kufika 50.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chukua urefu wa bomba, toa urefu uliokwisha kulipiwa na kiwanda, zidisha kwa gramu za kitabu. Mashine ya BTU 12,000 yenye R32, iliyojazwa kwa mita 5, ikifungwa kwa bomba la mita 17 huku kitabu kikitaka gramu 12 kwa mita, itahitaji mita 12 mara gramu 12: gramu 144. Hazifiki hata robo kilo. Mashine kubwa ya BTU 24,000 yenye R410A na bomba jembamba la milimita 9.52, ikifungwa kwa mita 20 na kitabu kikitaka gramu 30, itahitaji mita 15 mara gramu 30: gramu 450.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoona fedha zake. Silinda ya kawaida ya R410A hubeba kilo 11.3. Kwa kazi ya gramu 450, silinda moja inatosha mashine 25. Fundi anayefunga mashine nne za namna hiyo na kudai silinda nzima ana maelezo ya kutoa: ama kulikuwa na uvujaji, ama gesi ilipotezwa hewani, ama imebaki kwenye gari lake.

Makosa matatu hujirudia kwenye hesabu hii fupi. La kwanza ni kuhesabu mabomba yote mawili. Urefu unaotakiwa ni wa upande mmoja, kutoka mashine ya nje hadi ya ndani. Anayejumlisha bomba jembamba na nene kwenye mfano wa kwanza atapata mita 34, atatoa 5, na kuongeza gramu 348 badala ya 144. Kama kiwanda kiliweka gramu 600, ziada hiyo ya gramu 204 ni theluthi ya gesi yote aliyoikuta. Bomba nene hupitisha mvuke, na mvuke ni mwepesi: mita moja ya bomba la inchi tatu kwa nane lenye mvuke wa R410A hubeba gramu mbili hivi. Watengenezaji wa mashine ndogo hawalitaji kabisa kwenye hesabu ya kuongeza.

Kosa la pili ni kusahau kutoa zile mita za kiwandani. Kwa mfano huo huo, fundi ataongeza gramu 204, zikiwa 60 zaidi ya zinazotakiwa. Kosa la tatu ndilo la wafanyabiashara wenyewe, nalo ni kutumia namba ya mashine moja kwa mashine nyingine. Mtu aliyezoea gramu 20 kwa mita kutoka kwenye mashine za R22 huipeleka namba hiyo kwenye R32. Namba hiyo ilikuwa sahihi kwa R22. Bomba la robo inchi lenye ukuta wa milimita 0.8 lina nafasi ya mililita 17.7 kwa kila mita. Likijaa R22 kimiminika kwenye joto la nyuzi 40 hubeba gramu 20 barabara, likijaa R410A hubeba 17, na R32 haifiki 16. Kwenye mashine nyingi ndogo vali ya kupunguza shinikizo imewekwa mashine ya nje, kwa hiyo wakati wa kupoza bomba jembamba hubeba mchanganyiko wa kimiminika na mvuke. Ndiyo sababu kitabu cha R32 kinaweza kutaka 12 tu pale ambapo bomba lililojaa lingetaka 16.

Bomba lenyewe nalo lina neno. Roli za shaba za bei nafuu sokoni mara nyingi huwa na ukuta mwembamba kuliko ulioandikwa kwenye boksi. Ukuta ukishuka kutoka milimita 0.8 hadi 0.6, nafasi ya ndani ya bomba la robo inchi huongezeka kwa zaidi ya asilimia 15, na gesi inayohitajika hupanda nayo. Hilo ni jambo dogo ukililinganisha na hatari ya kupasuka, kwani shinikizo la R410A na R32 ni kubwa kuliko la R22 kwa zaidi ya nusu. Anayeuza shaba ya mashine za R22 kwa mafundi wa R32 anauza matatizo.

Vile vile, kuruka kutoka robo inchi kwenda inchi tatu kwa nane si hatua ndogo kama inavyoonekana kwa macho. Nafasi ya ndani huwa karibu mara tatu. Fundi aliyeishiwa na bomba dogo akaweka kubwa, kisha akaongeza gesi kwa namba ya dogo, ameiacha mashine na njaa.

Geji ya Mombasa haisomi Kigali

Mafundi wengi hawapimi gramu kwa sababu wamefundishwa kusoma geji. Ana namba kichwani: shinikizo la upande wa chini likifika hapa, gesi imetosha. Kwa mashine za zamani za kasi moja, kwenye mji mmoja wenye joto lisilobadilika sana, namba hiyo iliwasaidia kiasi. Leo inawapoteza kwa sababu mbili.

Kwanza, mashine za inveta hubadilisha kasi ya kompresa zenyewe. Shinikizo hupanda na kushuka kulingana na joto la chumba, na gesi iliyo sawa kabisa inaweza kuonekana pungufu dakika hii na nyingi dakika ijayo. Pili, shinikizo hufuata hali ya hewa. Mashine yenye gesi ile ile itaonyesha namba moja Mombasa kwenye joto la nyuzi 32 na nyingine Kigali kwenye nyuzi 22. Fundi wa pwani anayepanda bara na namba yake ya pwani ataongeza gesi mpaka sindano imridhishe, na mashine itakuwa imeshiba kupita kiasi. Siku ya joto kali ndipo itakapoanza kujizima.

Kuna jambo jingine la mwinuko ambalo huwatatiza mafundi wanaovuka mipaka. Kabla ya kufungua gesi, hewa yote iliyomo ndani ya bomba lazima inyonywe kwa pampu. Pwani, sindano ya geji hushuka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haiwezi kupita inchi 24 au 25 hata pampu ikiwa mpya, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Kigali hali ni hiyo hiyo kwa tofauti ndogo. Fundi asiyejua huilaumu pampu, huacha kazi ya kunyonya katikati, na kuisukuma hewa kwa kufungua gesi ya kiwandani kidogo ili itoke. Kwa tendo hilo ameshaharibu hesabu yote, maana gesi aliyoikuta si ile iliyoandikwa kwenye kibao tena, na hakuna ajuaye imepungua kwa kiasi gani.

Kinachobaki cha kuaminika ni mizani. Silinda huwekwa juu yake, namba hurudishwa sifuri, gesi hufunguliwa, na namba inapofika gramu zilizohesabiwa vali hufungwa. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili kwa hiyo hutolewa ikiwa kimiminika, na silinda za kutupwa hugeuzwa kichwa chini kwa ajili hiyo. Mizani ya kidijitali si kitu cha anasa kwa mtu anayefunga mashine kumi kwa mwezi. Muuzaji anayejali jina lake anaweza kuinunua mwenyewe na kumwazima fundi.

Gesi ikizidi, kimiminika kinaweza kurudi kwenye kompresa ambayo imeumbwa kusukuma mvuke, shinikizo la juu hupanda, na umeme huliwa zaidi. Ikipungua, mashine ya ndani huganda barafu, na kompresa hukosa gesi ya kuipoza ikapata joto kupita kiasi. Hali zote mbili mteja huzieleza kwa maneno yale yale: haipozi.

Urefu nao una mwisho. Mashine ndogo nyingi haziruhusu zaidi ya mita 15 hadi 25 za bomba, na tofauti ya kimo kati ya mashine mbili nayo ina kikomo kilichoandikwa kitabuni. Kuongeza gesi hakuondoi kikomo hicho. Kadiri bomba linavyorefuka ndivyo nguvu ya kupoza inavyopungua hata gesi ikiwa sahihi, kwa hiyo aliyepima duka na kuona linahitaji BTU 12,000 kwa bomba fupi huenda akahitaji mashine kubwa zaidi kwa bomba refu. Swali la urefu wa bomba, kwa hiyo, ni la kuuliza kabla ya kununua mashine, siyo siku fundi anapopanda ngazi.

Kwa maduka madogo yanayofungiwa R32 kuna tahadhari ya ziada. Gesi hiyo huweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi, na vitabu vyake huwa na jedwali linaloonyesha chumba cha ukubwa gani kinafaa kwa kilo ngapi za gesi. Kinachoangaliwa ni jumla: ya kiwandani pamoja na iliyoongezwa.

Mashine iliyotumika husafiri na siri yake

Biashara ya viyoyozi vilivyotumika ina mtego wake. Mashine inapong'olewa, fundi hurudisha gesi yote ndani ya mashine ya nje na kufunga vali. Kama ilikuwa imefungwa kwa mita 20 na kuongezwa gramu 450, basi gramu hizo zimo humo ndani zikisafiri. Mnunuzi akiifunga kwa bomba la mita 4 nyumbani kwake, anaanza na mashine iliyozidiwa gesi, na kibao cha ubavuni kitamdanganya. Kinyume chake pia hutokea: ilivuja kwa miaka miwili kabla ya kung'olewa, na kibao bado kinasema gramu zile za kiwandani. Njia salama kwa mashine ya namna hii ni gesi yote kuvutwa na kuwekwa kwenye silinda maalumu ya kukusanyia, kisha mashine kujazwa upya kwa uzito.

Baadhi ya vibao vya mashine zilizotengenezwa kwa masoko ya Ulaya vina nafasi tatu za kuandikwa kwa kalamu: gesi ya kiwandani, iliyoongezwa, na jumla. Huku kwetu nafasi hizo huachwa wazi. Kuzijaza huchukua nusu dakika.

Silinda si gunia la mahindi

Wapo wanaoona gesi ni nafuu upande mmoja na kuamua kuvuka nayo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Gesi hizi hutoka nje, hasa China na India. Zaidi ya hapo, R22 ni kitu kinachodhibitiwa na Itifaki ya Montreal, na nchi wanachama wanatakiwa kuwa na mfumo wa leseni za kuingiza na kutoa. Kenya na Tanzania zote zina kanuni za vitu vya namna hiyo tangu mwaka 2007. R410A na R32 ziliingia kwenye udhibiti kupitia marekebisho yaliyopitishwa Kigali Oktoba 2016. Silinda isiyo na kibali inaweza kubaki forodhani, na aliyeificha chini ya viti vya basi la abiria anahatarisha watu waliokalia viti hivyo.

Bei ndogo mno nayo ni ya kutiliwa shaka, kwa maana silinda za bandia zipo na rangi ya nje si ushahidi. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua watu, baada ya kujazwa gesi iliyouzwa kwa jina la R134a huku ndani yake mna R40, ambayo hushambulia aluminiamu ya kompresa. Kwa gramu 144 za kazi moja, kile anachookoa mtu kwa kununua silinda ya kichochoroni hakifiki popote.

Lililo rahisi ni kununua gesi nchi ile mashine itakakofungwa, kwa muuzaji mwenye kibali, kwa uzito unaojulikana, na kuandika kwenye ankara mambo manne: aina ya gesi, urefu wa bomba, gramu kwa mita kama kitabu kinavyosema, na gramu zilizoongezwa. Mteja aweke nakala. Fundi atakayekuja baada ya mwaka kutafuta uvujaji ataanza na namba badala ya kubahatisha.

Kwa wenye mtaji wa kuagiza kwa wingi, kalenda ya Kigali inapaswa kuwa ukutani. Chini yake, kundi kubwa la nchi zinazoendelea lilisimamisha ongezeko la gesi za jamii ya R410A mwaka 2024, na litapunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 30 ifikapo 2035. Kipimo si kilo za silinda bali madhara kwa joto la dunia: kilo moja ya R410A huhesabiwa sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa, ya R32 ni 675. R22 ina ratiba yake ya zamani, na mwaka 2030 inabaki sehemu ndogo tu kwa ajili ya matengenezo. Anayeshawishiwa na bei ya punguzo kuchukua viyoyozi 30 vya R410A aulize kwanza huko vinakokwenda gesi hiyo inaingizwa na nani na kwa bei gani, kwa sababu wateja wenye bomba la mita 20 wataihitaji siku ile ile ya kufungiwa.